UZI: Hong Kong na visiwa vyake kwa pantoni na miguu, bila wakala wala basi la watalii

Mchuuzi wa Gati

Wakuu, salaam.

Wabongo wengi Hong Kong tunaijua kwa sura moja. Unashuka ndege, basi hadi Nathan Road, unajitupa gesti ya Chungking Mansions, kesho yake begi mgongoni unavuka kwenda Guangzhou. Ukirudi Kariakoo watu wakikuuliza ikoje, jibu ni "maghorofa tu, na watu hawasalimiani". Kumbe mji wenyewe una visiwa zaidi ya 260, na kama asilimia 40 ya ardhi yake ni milima na misitu iliyotengwa kuwa hifadhi. Nusu saa tu kwa boti kutoka kwenye yale maghorofa, uko kijijini ambako huoni gari la mtu binafsi hata moja.

Napita huko kwa shughuli za vipuri, na nikimaliza mzigo mapema huwa nabaki kuzurura. Maswali ya pembeni yamekuwa mengi, nikaona bora niyaweke hapa kila mtu asome.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusigombane baadaye: usilipe wakala, usipande basi la watalii. Kizuri kuliko vyote Hong Kong ni usafiri wao wa umma, na hicho kinapandwa na kila mtu kwa nauli ya kawaida.

Tuanze na kuingia mjini. Treni ya uwanja wa ndege ni dakika 24 hadi Central, katikati ya mji, lakini bei yake ni zaidi ya dola 100. Nikisema dola humu namaanisha za kwao. Zimefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, moja ya Mmarekani ni kama 7.8 za kwao. Mimi naenda na basi A21, dola thelathini na kitu, linakushusha Nathan Road yenyewe. Panda ghorofa ya juu, kaa siti ya mbele kabisa. Linapita daraja la Tsing Ma, lile lililofunguliwa 1997, urefu wa mita 1,377 kati ya minara miwili, magari juu na treni chini yake. Kisha unaiona bandari ya makontena ya Kwai Chung. Kama umewahi kusubiri kontena bandarini Dar, hapo utatazama kwa jicho la mwenye uchungu.

Kabla hujatoka uwanjani nunua kadi ya Octopus. Unaweka amana ya dola 50, unaongeza salio, halafu unaigusisha tu: treni, basi, tramu, boti, hadi dukani ukinunua maji. Amana unarudishiwa ukiondoka, wanakata kidogo kama hukukaa muda mrefu. Usihangaike na adapta ya umeme, plagi zao ni zile zile za pini tatu bapa za Mwingereza kama kwetu. Na magari yanapita kushoto, kwa hiyo ukivuka barabara macho yako hayahitaji mafunzo mapya.

Naendelea, ngoja nijaze chai.

---

Fundi Taa

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu anza na viza, hapo ndipo tunapokwama wengi.

---

Mchuuzi wa Gati

Fundi, pasi ya Tanzania na ya Kenya inaingia Hong Kong kitalii bila kuomba viza. Wa nchi nyingine za Afrika Mashariki masharti yanatofautiana, kwa hiyo fungua tovuti ya idara yao ya uhamiaji usome mstari wa nchi yako kabla hujakata tiketi. Mezani huulizwa unakaa wapi, unarudi lini, una hela kiasi gani. Jibu kwa ufupi, na uwe na tiketi ya kurudi mkononi, simu isije ikazima chaji. Hawagongi muhuri kwenye pasi, unapewa kikaratasi kidogo chenye tarehe ya mwisho ya kukaa. Kitunze.

Kitu kinachowaumiza wafanyabiashara ni hiki: China bara ni viza nyingine kabisa. Kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukatoka Guangzhou kuja Hong Kong kutembea, umeshatoka China. Huwezi kurudi kufuata mzigo. Panga Hong Kong iwe mwanzo wa safari au mwisho wake. Treni ya kasi kutoka West Kowloon hadi Guangzhou Kusini ni kama saa moja tu, kwa hiyo hupotezi kitu.

---

Mchuuzi wa Gati

Sasa pantoni.

Star Ferry ndiyo Kigamboni yao, tofauti ni kwamba hapa hakuna magari wala kubanana. Inavuka kati ya Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon ulioungana na bara, na kisiwa cha Hong Kong. Aliyeianzisha huduma hiyo ni Mparsi mmoja (Mhindi wa asili ya Uajemi), Dorabjee Naorojee, mwaka 1888. Nauli ni dola nne na kuendelea, inapanda kidogo Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na ghorofa ya chini ni rahisi kuliko ya juu. Safari haizidi dakika kumi.

Mimi napenda chini, karibu na injini, maana unaona kazi. Migongo ya mabenchi ya mbao inasukumwa mbele au nyuma: chombo kina usukani pande zote mbili, hakigeuki, abiria ndio wanaogeuza mgongo wa benchi wakae wakitazama wanakokwenda. Mbao zimetobolewa vitundu vidogo vilivyopangwa umbo la nyota. Mkikaribia gati, baharia mwenye sare ya bluu ananyosha mti mrefu wenye ndoana, ananasa kamba nene, anaizungushia nguzo ya chuma, chombo kinaguna, ngazi inashushwa, na watu wanatoka kama maji. Kila baada ya dakika chache, mchana kutwa.

Kuna watu wanalipa boti za watalii usiku kwenda kuangalia taa. Saa mbili usiku ndipo zile taa za maghorofa zinapoanza kucheza. Wewe saa mbili kasorobo uwe getini Tsim Sha Tsui, panda hii ya dola tano, umeona kila kitu.

Ukishuka ng'ambo tafuta tramu, zile nyembamba za ghorofa mbili ambazo wenyeji wanaziita ding ding kwa sababu ya kengele. Zipo tangu 1904. Unaingia mlango wa nyuma, unalipa mbele wakati wa kushuka, dola tatu na ushee hata ukienda mwisho wa reli. Panda Kennedy Town, shuka Shau Kei Wan. Ni zaidi ya saa nzima, umepita kando ya maduka ya samaki wakavu, mabenki, masoko, nguo zinaning'inia madirishani. Hakuna ziara ya mji inayoshinda hiyo.

Kilele cha Victoria Peak watu wanapanga foleni ndefu kupanda ile treni ya kamba. Basi namba 15 kutoka Central linafika juu vile vile. Sina zaidi la kusema kuhusu Peak.

---

Bi Kidawa

Ahsante mwanangu kwa maelezo. Mie nna swali la chakula. Nshasikia huko kila sufuria ishaingia nguruwe, na mie mwezi wa kumi na moja nafuatana na mume wangu. Tutakula mikate mitupu?

---

Mchuuzi wa Gati

Shikamoo Bi Kidawa. Hamtakufa njaa. Hoja yako ya sufuria ni ya kweli, na hata kwenye vitobosha na mikate yao mafuta ya nguruwe huingia, kwa hiyo usinunue ovyo kwa kuona ni keki tu.

Pale Nathan Road upo Msikiti wa Kowloon, ule mweupe wenye minara minne, umejengwa 1984 mahali palipokuwa na wa zamani wa 1896. Kuzunguka hapo na ndani ya Chungking Mansions kuna Wapakistani na Wahindi wanapika biriani, mishikaki, chapati za moto. Ila raha yenyewe iko Wan Chai, barabara ya Oi Kwan namba 40, Msikiti wa Ammar. Ghorofa ya tano kuna kantini inayouza dim sum halali, zile sambusa zao za mvuke kwenye vikapu vya mianzi, za kamba na za ng'ombe. Nendeni mapema mchana, panajaa.

Tena mkipanda ile ngazi ya umeme ndefu ya Central, ya 1993, mita zaidi ya 800 kupanda mlima (asubuhi inashuka, kuanzia saa nne inapanda), njiani kuna Msikiti wa Jamia wa kijani, jengo la 1915, umejificha kwenye miti. Kelele zote za mji zinakatika pale.

---

Kibaoni One

Mkuu unapamba sana. Mbona husemi kuhusu kulala? Nililipia chumba pale Nathan Road, mlango ukifunguka unagonga kitanda, choo na bafu ni kitu kimoja, dirisha linatazama ukuta. Bei yake kwetu napata hoteli ya bwawa la kuogelea.

---

Mchuuzi wa Gati

Kibaoni hujakosea. Ardhi ya mji ule ni ghali mno, na msafiri wa mfuko mwembamba analipia hilo usiku. Chungking ni jengo la 1961, ghorofa 17, vipande vitano kuanzia A hadi E, na kila kipande kina lifti mbili ndogo: moja ya ghorofa witiri, nyingine ya shufwa. Jioni foleni ya lifti inakula nusu saa yako. Kwa usalama pametulia, kamera na walinzi wapo, ila pale mlangoni watakuvamia wapiga debe wa gesti, wa saa na wa suti. Pita tu. Na hela usibadilishe kwa wale wa mbele kabisa, ingia ndani, bei ya hela yako inapanda kadiri unavyosogea.

Kiswahili utakisikia pale kwenye korido za simu za jumla, hilo ndilo linalotufanya tusitoke. Kama huna biashara mle, lala Yau Ma Tei au Sham Shui Po. Sham Shui Po una mtaa wa Apliu mlangoni, vifaa vya umeme vipya na vya mitumba vimetandazwa barabarani, na chakula ni cha watu wa kawaida.

---

Mvita Kwetu

Mimi niko Mombasa. Nakuunga mkono kwa pantoni, lakini visiwa waviacha mwisho wakati ndivyo vyenye utamu! Watu wote waambiwa waende Lamma. Mimi nasema Cheung Chau.

---

Mchuuzi wa Gati

Nilikuwa nakuja huko, Mvita. Ngoja nimalize Lamma kisha unishambulie.

Visiwa vya karibu vyote boti zake zinaanzia gati za Central, zimepangana mstari mmoja: namba 4 Lamma, namba 5 Cheung Chau, namba 6 Peng Chau na Mui Wo. Nauli ya kwenda siku za kazi haifiki dola 50 kokote huko, unagusisha kadi. Jumapili inapanda na watu wanajaa kwelikweli, kwa hiyo chagua Jumanne au Jumatano.

Lamma shuka Yung Shue Wan. Kichochoro kimoja cha maduka, wazungu wengi wamehamia, kahawa, mbwa. Pita. Ukishatoka kwenye nyumba, njia ya saruji inakupeleka ufuo wa Hung Shing Yeh, mchanga safi, halafu unainua macho unaona mabomba matatu makubwa ya moshi ya kituo cha umeme yamesimama nyuma yake. Wengine wanasema yanaharibu picha. Mimi nayapenda, yanakukumbusha taa za jana usiku zinatoka wapi. Kutoka hapo unapanda kilima, upepo, nyasi, bahari pande mbili, unateremkia Sok Kwu Wan upande wa pili. Saa moja hadi moja na nusu kwa mwendo wa maongezi. Sok Kwu Wan kuna vizimba vya kufugia samaki vimeelea ghubani, na mikahawa imejipanga juu ya maji, samaki unamchagua akiwa hai kwenye tangi. Uliza bei kwa uzito kabla hajavuliwa, tena waandike kwenye karatasi. Boti za kurudia Sok Kwu Wan ni chache kuliko za Yung Shue Wan, piga picha ratiba asubuhi kabla hujaondoka Central.

---

Mvita Kwetu

Haya, zamu yangu.

Lamma ni kijiji cha wageni waliochoka mji. Cheung Chau ni mji wa wavuvi wenyewe, na mtu wa pwani akishuka pale pua yake yamwambia yuko nyumbani: ng'onda zimeanikwa, nyavu, mashua zimefungana ghubani hadi waweza kuruka kutoka moja hadi nyingine. Hakuna gari. Watu kwa baiskeli, na mizigo kwa vigari vidogo vyembamba. Hata gari la wagonjwa na la zimamoto ni vidogo hivyo hivyo, maana vichochoro ni vya kupishana mabega, kama Mji wa Kale.

Kuna hekalu la Pak Tai la 1783, mungu wao wa bahari. Mwezi wa nne wa kalenda yao, siku ya nane, hufanya sikukuu ya maandazi: minara mirefu iliyofunikwa maandazi meupe ya mvuke yenye chapa nyekundu, na vijana hupanda usiku kugombania. Mwaka 1978 mnara uliporomoka ukaumiza watu, serikali ikapiga marufuku kupanda hadi 2005. Sasa wapanda kwa kamba za usalama, wamefanyiwa mafunzo. Siku hizo kisiwa kizima nyama hailiwi.

Na hapo ndipo alikokulia Lee Lai-shan, binti wa kisiwa hicho aliyeshinda dhahabu ya ubao wa tanga Olimpiki ya Atlanta 1996. Ya kwanza kabisa kwa Hong Kong. Lamma mna nini?

---

Mchuuzi wa Gati

Lamma kuna Chow Yun-fat, muigizaji. Amezaliwa pale.

Ila nakubali kitu kimoja: mwenye mchana mmoja tu na asiyependa kupanda kilima aende Cheung Chau. Boti ya kawaida ni kama saa moja na ni rahisi, ya kasi ni dakika 40 hivi. Panda ya kawaida, ina nafasi ya kukaa nje nyuma.

---

Baharia Mkongwe

Vijana mnabishana vizuri, ila mmesahau hali ya hewa na ndiyo yenye neno la mwisho. Nilikuwa melini miaka hiyo, bandari ile naijua kwa namba za dhoruba. Wana ishara: 1, 3, 8, 9, 10. Ikipandishwa 3 anza kuulizia boti ya mwisho. Ikipandishwa 8, maofisi yanafungwa, shule zinafungwa, boti zinasimama, na wewe uliye kisiwani utalala kisiwani. Kimbunga Mangkhut cha 2018 kilifika 10, madirisha ya maghorofa yalipukutika mjini. Msimu mbaya ni Julai hadi Septemba, pamoja na joto la kukamua nguo. Bi Kidawa mwezi wake wa kumi na moja ameuchagua vizuri, kukavu na kuna kaubaridi.

Halafu hakuna aliyetaja Tai O. Mnanishangaza.

---

Bi Kidawa

Tai O ndo nini baharia?

---

Baharia Mkongwe

Kijiji cha wavuvi magharibi ya kisiwa cha Lantau, bibie. Watu wa asili ya majini, Watanka, nyumba zao za mabati na mbao zimesimama juu ya nguzo kwenye mkono wa bahari. Maji yakijaa mashua inaingia hadi chini ya sebule. Yakikupwa unaona tope na kaa. Moto wa mwaka 2000 uliteketeza nyumba nyingi, wakajenga tena.

Kijiji kinanuka kamba. Wanasaga kamba wadogo na chumvi, wanaanika kwenye nyungo pana juani hadi inakuwa rojo la zambarau. Siku hizi kamba wenyewe wananunua kwingine, maana Hong Kong ilipiga marufuku nyavu za kukokota mwisho wa 2012. Utaona pia viini vya mayai vimeanikwa kimoja kimoja, vinang'aa rangi ya chungwa. Samaki wananing'inizwa kichwa chini, vichwa vimefungwa karatasi.

---

Mchuuzi wa Gati

Shikamoo mzee, umenipokonya mdomoni. Niongeze njia tu.

Lantau ni kisiwa kikubwa karibu mara mbili ya kisiwa cha Hong Kong chenyewe. Panda treni hadi Tung Chung, mwisho wa reli. Hapo kuna kiberenge cha angani cha Ngong Ping, kinachoning'inia kwenye waya, kilomita 5.7, dakika 25 juu ya milima na bahari. Hicho ni ghali, na ndicho kitu pekee cha kitalii ninachokubali ulipie kama hali ya hewa ni angavu. Kukiwa na ukungu panda basi 23, usitupe hela kutazama wingu. Juu kuna Buddha wa shaba wa mita 34, wa 1993, ngazi 268. Kisha basi 21 linateremka Tai O. Jioni usirudi ulikotokea: basi 1 linakwenda Mui Wo, na kutoka Mui Wo boti inakurudisha Central gati namba 6 jua likiwa linazama nyuma yako. Mabasi ya Lantau nauli inapanda Jumapili, nalo nimelisema.

---

Kibaoni One

Hapa nimekuelewa. Swali la mwisho: mimi sina siku tatu. Nna masaa kama kumi ya kuunganisha ndege, mchana. Nikimbilie mjini nione hiyo pantoni au nilale kwenye viti vya uwanjani?

---

Mchuuzi wa Gati

Kibaoni, uwanja wa ndege wenyewe uko Lantau, pale Chek Lap Kok. Acha begi sehemu ya kuhifadhi mizigo, toka nje panda basi S1 hadi Tung Chung, halafu basi 11 hadi Tai O, kama dakika 50 za kona. Zungukia nguzo zile, kula, rudi njia ile ile. Mjini kwa masaa hayo pia unafika, ila foleni ya uhamiaji kutoka na ya ukaguzi kuingia zitakula kama masaa matatu, na Tai O ni karibu zaidi. Ukiamua pantoni, basi A21 hadi Tsim Sha Tsui, vuka, rudi na ile treni ya dakika 24, hapo ndipo bei yake inapokuwa halali.

---

Bi Kidawa

Mume wangu kashaanza kuuliza bei ya tiketi. Mwanangu, hiyo kantini ya Wan Chai Ijumaa wafungua?

---

Mchuuzi wa Gati

Ijumaa wanapika, Bi Kidawa, ila baada ya swala msikiti mzima unapanda ghorofani. Nendeni saa tano asubuhi, mle kwanza kisha mshuke kuswali.